Kuchagua beberu kwa ajili ya maziwa ya jibini

Kama maziwa yako yanaenda kwa watengeneza jibini, usichague beberu kwa kuangalia lita za mama yake tu. Mbuzi wawili hukamuliwa lita zilezile, maziwa ya mmoja yakaganda vizuri na ya mwenzake yakabaki rojorojo. Mara nyingi chanzo ni jeni moja, CSN1S1, inayotengeneza protini iitwayo kaseini alfa-s1.

Wenye mbuzi wa damu ya Norwe, kama wale wa Mgeta, Morogoro, wana sababu ya ziada ya kupima. Huko Norwe kwenyewe, nakala ya jeni hii isiyotoa kaseini hiyo ilikuwa imeenea sana, na maziwa yake yalilalamikiwa kwa ladha kali.

Hatua ya 1: Jaribu mgando. Kamua asubuhi moja, kila mbuzi na chombo chake. Waache kando waliozaa juzijuzi, wanaokaribia kukauka na wenye ugonjwa wa kiwele, hao watakudanganya. Pasha maziwa hadi nyuzi 32, weka renneti (kigandishi cha maziwa ya jibini) kiasi kilekile kila kikombe, kisha usiguse. Baada ya dakika 40 chomeka kisu, ukiinue polepole. Mgando mzuri hupasuka kwa mstari ulionyooka na maji ya kijani-njano hujaa kwenye ufa. Mbaya hushika kisu kama uji.

Hatua ya 2: Chukua nywele. Ng'oa kama 30 mkiani. Usikate, maana vinasaba vinavyotakiwa viko kwenye mizizi. Tia kwenye bahasha ya karatasi (mfuko wa plastiki huleta ukungu), andika namba ya hereni, nawa mikono kabla ya kumshika mwingine.

Hatua ya 3: Iambie maabara unachotaka. Jeni hii ina aina kadhaa zinazoitwa kwa herufi; taja E, F na ile isiyotoa kitu, yaani 0. E ina kipande cha herufi 457 za vinasaba kilichojipachika, hivyo huonekana kirahisi. F imepungukiwa herufi moja tu, na 0 ya Norwe vilevile, kwa hiyo zinahitaji vipimo vyake. Ukisema tu "nipimieni kaseini", unaweza kulipia jibu nusu.

Hatua ya 4: Soma majibu. Kila mbuzi ana nakala mbili. Aina A au B, zilizo bora, kila nakala huchangia takriban gramu 3.6 za kaseini alfa-s1 kwa lita, E 1.6, F 0.6, na 0 hakuna. Jumlisha: A/F ni kama gramu 4.2. Lakini usimuuzie mtu mwenye mzio wa maziwa kwa kigezo cha 0/0; kaseini nyingine bado zimo.

Hatua ya 5: Pandisha. Beberu A/A kwa majike F/F, watoto wote watakuwa A/F. Beberu A/F kwa majike hao hao, tarajia nusu tu wawe A/F. Bila kipimo ungesubiri binti zake wazae ndipo ujue. Binti hao wakifikia kupandishwa, badilishana beberu na jirani aliyepima wake, ili wasipandwe na baba yao.