Mtoto anawekewa shanti? Piga hesabu ya maambukizi kabla ya oparesheni

Wazazi wenzangu wenye watoto wa kichwa kikubwa, bajeti yetu huwa inaishia siku ya kuruhusiwa na hapo ndo tunapokosea. Shanti, ule mpira unaotoa maji ya kichwani kuyapeleka tumboni, ikipata maambukizi mara nyingi dawa peke yake haitoshi, inabidi mpira utolewe, mtoto alazwe wiki mbili au zaidi anachomwa antibayotiki za mshipa huku maji ya kichwani yanatolewa kwa mrija wa nje, yakishakuwa safi ndo awekewe mpya. Yani oparesheni moja imegeuka tatu.

Chukua karatasi igawe pande mbili. Huku andika gharama za maambukizi: shanti ya pili, vipimo, dawa, kitanda, nauli, chakula cha anayeuguza, na siku za kazi zinazopotea ambazo hatuziandikagi kabisa. Mimi nilikaa wodini siku 23 na genge langu la mboga likafa, hiyo iliniuma kuliko bili ya dawa. Ilianza na bandeji nyuma ya sikio ina unyevu kidogo nikajua jasho, kumbe maji ya kichwani yanavuja.

Upande wa pili andika kinga. Ukiambiwa kuna shanti ya bei juu usiulize tu bei, uliza ina antibayotiki ndani? Maana Uganda, kule Mbale, walilinganisha shanti ya India ya bei ndogo na ya Marekani ya bei kubwa, watoto 195, mwaka mzima, matokeo hayakuwa na tofauti ya maana. Ila Uingereza na Ireland utafiti wa 2019 wa wagonjwa 1,605 ulionyesha waliorudishwa theatre kwa maambukizi ni 6 kwa kila 100 kwenye shanti za kawaida, na 2 tu kwenye zenye antibayotiki, zile zenye madini ya fedha zikabaki 6 vilevile. Kila maambukizi yaliyozuiwa yaliokoa zaidi ya pauni 135,000, ila bei za kule hizo, ya kwetu inabidi upige mwenyewe.

Kama haipo au huiwezi usikate tamaa, mengine ni karibu bure. Mwogeshe mtoto vizuri na sabuni kabla, usimnyoe kwa wembe nyumbani maana vile vidonda vidogo ndo mlango wa bakteria. Muulize nesi kwa upole antibayotiki ya kinga anapewa saa ngapi, WHO wanasema ndani ya dakika 120 kabla ya kuchanwa. Mkirudi nyumbani nawa mikono kabla ya kumshika, wageni nao wanawe, hata bibi yake, na kidonda kiangalie asubuhi na jioni kwenye mwanga.

Homa, kutapika, kulia bila kunyamaza, wekundu kufuata mpira shingoni au tumboni, bandeji kulowa: rudi hospitali siku hiyohiyo, usipitie duka la dawa kununua antibayotiki, zinaweza kuficha mdudu kwenye kipimo. Maambukizi mengi hutokea miezi 6 ya mwanzo, kwahiyo nauli ya kurudi itenge kwenye kibubu chake na isiguswe hata kama unga umeisha.