Kupima tindikali ya bahari kwa kiwango kinachokubalika kimataifa: hatua kwa hatua, kutoka kituoni hadi kwenye hifadhi ya data

Tangu mapinduzi ya viwanda, pH ya uso wa bahari (kipimo ambacho kikishuka, tindikali imeongezeka) imeshuka kwa takriban 0.1, na katika bahari kuu inaendelea kushuka kwa 0.017 hadi 0.027 kila muongo. Sasa fikiria hili: ukikosea joto la sampuli kwa nyuzi 3 tu wakati wa kusoma pH, umekosea kwa karibu 0.05. Hiyo ni takriban miaka ishirini hadi thelathini ya mabadiliko halisi ya bahari, imefunikwa na kosa la dakika moja maabara.

Mwongozo huu ni kwa maabara ndogo ya pwani inayotaka data zake zikae meza moja na za Hawaii au Norway kupitia GOA-ON, mtandao wa dunia wa kufuatilia tindikali ya bahari ulioanza mwaka 2012. Katika Bahari ya Hindi Magharibi, WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya ukanda huu yenye makao yake Zanzibar, imeunga mkono ufuatiliaji wa aina hii Kenya, Tanzania, Msumbiji, Morisi, Shelisheli na Afrika Kusini. Taratibu za msingi ni zile zilizochapishwa na Dickson, Sabine na Christian mwaka 2007. Hapa tunaeleza jinsi zinavyotekelezwa na mahali zinapoharibika.

Hatua ya 1: Amua unapima nini, na kwa usahihi gani

Kemia ya kaboni baharini ina vipimo vinne: pH, alkaliniti jumla (uwezo wa maji kuzimua asidi), kaboni isiyo ya kikaboni iliyoyeyuka, na shinikizo la hewa ya ukaa. Ukipima viwili, pamoja na joto na kiwango cha chumvi, vilivyobaki unavikokotoa kwa programu ya CO2SYS. Usichague pH na shinikizo la hewa ya ukaa kama jozi yako: viwili hivyo hubadilika kwa pamoja, kimoja kikipanda kingine hushuka, hivyo kosa dogo hukua sana kwenye ukokotoaji. Kwa maabara inayoanza, pH na alkaliniti ndiyo jozi inayowezekana, na ndiyo ambayo vifurushi vya vifaa vya GOA-ON in a Box vimetengenezwa kuipima.

GOA-ON ina malengo mawili ya usahihi. Lengo la "hali ya hewa ya muda mfupi" linataka shaka isizidi 0.02 kwa pH na mikromoli 10 kwa kilo kwa alkaliniti. Lengo la "tabianchi" linataka 0.003 na mikromoli 2. Lenga lile la kwanza na ulifikie kweli. Maabara inayojitangazia 0.003 bila ushahidi hupoteza imani ya wenzake haraka kuliko ile inayoandika 0.02 na kuithibitisha.

Hatua ya 2: Vibali na makubaliano kabla ya chupa

Mtafiti wa kigeni Tanzania hupitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya hupitia tume kama hiyo, NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kama kuna meli ya nje, Sehemu ya XIII ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari inataka maelezo ya safari yafike kwa nchi ya pwani angalau miezi sita kabla. Ibara ya 249 inaipa nchi hiyo haki ya kushiriki, ikiwemo kuwa na watafiti wake melini, na haki ya kupata data na sampuli. Iombe haki hiyo kwa maandishi mapema: nani anapanda meli, nusu ipi ya sampuli inabaki, data zinaingia hifadhi gani na lini. Ukingoja meli itie nanga, nafasi zote zimeshagawanywa.

Hatua ya 3: Chagua kituo na ukitembelee kwa saa ileile

Kituo kimoja kinachopimwa kila mwezi kwa miaka mitano kina thamani kuliko vituo kumi vilivyopimwa mara mbili. Kwenye majani ya bahari na matumbawe, pH hupanda mchana kwa usanisinuru na kushuka usiku kwa upumuaji, na tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko mabadiliko ya karne. Maji ya bamvua kwenye mkondo wa Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji ya kupwa yanayotoka mikokoni si maji yale yanayoingia yakijaa. Kwa hiyo panga saa ya siku na hali ya maji, halafu uzishike. Hakikisha una sampuli za kaskazi na za kusi, kwa sababu mwaka wenye msimu mmoja tu hauelezi chochote kuhusu mwelekeo.

Andika muda kwa UTC, mtindo wa saa 24. Nahodha akisema "saa tatu asubuhi", kwenye daftari ni 06:00 UTC. Makosa ya saa sita (kuchanganya saa za Kiswahili) na ya saa tatu (kusahau UTC) ni rahisi kufanyika, na huharibu kabisa tafsiri ya mzunguko wa mchana na usiku.

Hatua ya 4: Kujaza chupa

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Tumia chupa za kioo cha borosilikati za mililita 250 au 500 zenye kizibo cha kioo kilichosagwa. Plastiki hupitisha gesi, kwa hiyo iache.

Kama maji yanatoka kwenye chupa ya Niskin, ile ya kuchotea maji ya kina, oksijeni huchukuliwa kwanza, kisha pH na kaboni, halafu alkaliniti, na virutubisho na chumvi mwishoni. Anza mara tu Niskin inapofika juu. Hewa inayoingia kadiri maji yanavyopungua hubadilisha gesi zilizobaki.

Chomeka mrija laini wa silikoni kwenye bomba na uubane kwa vidole mpaka mapovu yote yatoke. Suuza chupa mara mbili kwa maji kidogo ya sampuli. Kisha shusha mrija hadi kitako cha chupa na ujaze polepole bila kuyatibua maji, uache yafurike kwa ujazo wa chupa nzima, au angalau nusu yake. Ukiona povu moja limeganda kwenye ukuta wa chupa, mwaga, anza upya.

Sampuli ya pH isomwe ndani ya saa chache, ikiwa gizani na bila sumu ya kuhifadhia. Sampuli ya alkaliniti inayosubiri maabara inahitaji viumbe vyake vidogo vizuiwe visiendelee kuishi. Ondoa maji kwa pipeti hadi kubaki nafasi ya hewa ya asilimia 1, yaani mililita 2.5 kwa chupa ya 250. Kisha weka mikrolita 50 za mchanganyiko ulioshiba wa kloridi ya zebaki. Kwa chupa ya 500 weka 100. Ile nafasi ya hewa si uzembe: maji ya kina kirefu yakipata joto kwenye kreti yatapanuka, na chupa iliyojaa pomoni itasukuma kizibo chake. Kausha shingo, paka grisi ya Apiezon L kwenye kizibo, kizungushe mpaka grisi iwe angavu bila mistari, funga kwa mpira, pindua chupa mara kadhaa. Weka gizani na baridi, kamwe usigandishe.

Kloridi ya zebaki ni sumu kali. Glavu na miwani ni lazima, chupa yake ikae ndani ya chombo cha pili, na mabaki yote yaende kwenye pipa la taka ya zebaki, si kwenye sinki. Ukiisafirisha inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari namba UN 1624, daraja la 6.1, kwa hiyo mwenzako wa Ulaya hawezi kukuwekea kichupa begini. Panga manunuzi yake hapa hapa.

Maji yenye tope yana chembe za chokaa ambazo zitayeyuka kwenye asidi na kupandisha alkaliniti kwa uongo. Chuja sampuli ya alkaliniti kwa kichujio cha mikromita 0.45. Sampuli ya pH au ya kaboni usiivute kwa pampu ya ombwe, kwani gesi itatoroka.

Hatua ya 5: Kusoma pH

Sahau bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana, wa kusawazishia kifaa) za kawaida za pH 4, 7 na 10. Zina chumvi kidogo mno, na elektrodi iliyozoea bafa hizo hutoa jibu lisilolingana na maji ya bahari. Tumia kipimo cha pH kiitwacho "jumla" (total scale), kwa bafa ya Tris iliyotengenezwa katika maji bandia ya bahari. Kwa uchumvi wa 35 na nyuzi 25, inatakiwa isome karibu 8.09.

Bora zaidi ni spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, na rangi ya zambarau ya meta-kresoli. Soma ufyonzaji kwa nanomita 434 na 578, na 730 kwa msingi, sampuli ikiwa na joto la nyuzi 25 lililoshikiliwa ndani ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Mambo mawili huharibu jibu: rangi chafu ya dukani, ambayo hukosesha zaidi pH ikiwa juu, na rangi yenyewe kuisukuma pH ya sampuli. La pili lirekebishe kwa kuongeza kipimo cha pili cha rangi na kusoma tena. Andika daima joto la kusomea na joto la baharini, kila moja kwenye safu yake.

Hatua ya 6: Alkaliniti

Asidi ni HCl ya takriban moli 0.1 kwa kilo, ndani ya NaCl ya moli 0.6, ili nguvu yake ya ioni ifanane na maji ya bahari. Pima sampuli kwa mizani. Ongeza asidi hadi pH iwe kati ya 3.5 na 4.0, koroga huku ukipuliza hewa kwa dakika kama sita gesi itoke, kisha endelea kwa vipimo vidogo hadi karibu 3.0. Kokotoa kwa mkunjo mzima wa nukta, usikisie kona ya mkunjo kwa macho.

Kabla na baada ya kila kundi la sampuli, pima maji rejea (yenye alkaliniti inayojulikana tayari) kutoka maabara ya Scripps huko California, ambayo maabara za dunia nzima huyatumia. Jibu likiwa limepotea, chunguza kwanza asidi, kisha sindano ya kutolea asidi, kisha elektrodi. Baadhi hurekebisha mkusanyiko wa asidi mpaka rejea "itoshe". Inaruhusiwa, lakini ukifanya hivyo chupa ileile haiwezi tena kuwa shahidi wako. Pima nyingine. Chupa hizo ni ghali na huchelewa bandarini, kwa hivyo agiza za mwaka mzima, na utengeneze lita nyingi za maji yako ya bahari yaliyochujwa na kuwekewa zebaki kwa ukaguzi wa kila siku.

Hatua ya 7: Kukokotoa

Tumia konstanti za kemia za Lueker na wenzake za mwaka 2000. Zinafaa uchumvi wa 19 hadi 43. Karibu na mito, chini ya hapo, tafuta seti nyingine na uitaje. Mikokoni, asidi za kikaboni huhesabiwa ndani ya alkaliniti uliyopima, na kaboni utakayokokotoa itakuwa juu kuliko ilivyo. Andika onyo hilo kwenye maelezo.

Vizio ni mikromoli kwa kilo. Alkaliniti ya 2300 kwa kilo ni takriban 2354 kwa lita. Ukichanganya, umekosea kwa zaidi ya mara tano ya lengo lako.

Hatua ya 8: Kupeleka data

Data za kiashiria 14.3.1 cha malengo ya maendeleo endelevu hupokelewa na IOC-UNESCO, tume ya bahari ya UNESCO, kupitia IODE, mpango wake wa data za bahari wenye ofisi Oostende, Ubelgiji. Unapeleka mafaili mawili: namba, na maelezo ya jinsi zilivyopatikana.

Kagua viwianishi vya ramani. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi. Ukisahau alama hiyo, kituo chako cha Unguja kitatokea kusini mwa Ethiopia. Pengo lijazwe kwa -999, kamwe si kwa sifuri.

Kuwa makini kuliko yote na alama za ubora. Kwenye mfumo wa IODE, 1 ni nzuri, 2 ni haijatathminiwa, 3 ina mashaka, 4 ni mbaya. Kwenye mfumo wa WOCE unaotumiwa na meli nyingi za utafiti, 2 ndiyo nzuri. Ukiunganisha data zako na za meli mshirika bila kubadilisha, data zake bora zote zitasomeka kama ambazo hazijakaguliwa. Taja mfumo kwenye safu ya kwanza ya maelezo.

Hifadhi mafaili ghafi ya titresheni (ule upimaji wa alkaliniti kwa asidi), kila nukta ya milivolti na mililita, sehemu mbili tofauti. Konstanti za kemia husahihishwa kila baada ya miaka, na mwenye nukta ghafi atakokotoa upya mfululizo wake wote kwa mchana mmoja.