Kicheza muziki kimegoma? Mbane aliyekuuzia

Wengi wetu huku ughaibuni kifaa kikigoma hukimbilia kwa mtengenezaji. Unapiga simu, unawekewa wimbo wa kusubiri nusu saa (angalau huo unasikika), kisha unaambiwa waranti imekwisha. Unakata simu na kuhesabu hasara. Usikate tamaa mapema hivyo.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Sheria ni jambo lingine, na humbana muuzaji. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji huwajibika kwa kasoro ya tangu mwanzo kwa angalau miaka 2. Uingereza, chini ya sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kifaa kibovu unaweza kukirudisha ndani ya siku 30 na kudai pesa zako zote. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kukitengeneza au kukibadilisha. Akishindwa, unaweza kudai pesa. Marekani mengi hutegemea waranti yenyewe na sheria za jimbo, kwa hiyo isome kabla ya kununua.

Kabla ya kulalamika, jaribu hedifoni nyingine na waya mwingine wa chaji, maana ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Halafu andika barua pepe. Mimi naipendelea kuliko simu: haikuombi urudie neno mara tatu kwa sababu ya lafudhi, na inabaki kuwa ushahidi. Ambatisha risiti, taja tarehe ya kununua na namba ya siriali, kisha eleza tatizo waziwazi. "Upande wa kushoto hautoi sauti hata nikibadili hedifoni" ina uzito kuliko "kifaa chenu kibovu". Ukilazimika kupiga simu, siku hiyohiyo waandikie walichokuahidi.

Nakili nyimbo zako kwanza, kwa kuwa wakikitengeneza huenda kikarudi kitupu. Betri ikivimba, acha kuchaji na usikitie posta kabla ya kuwauliza: betri za lithiamu zina masharti yake ya usafirishaji.

Na kama unamnunulia mdogo wako nyumbani, kitumie mwenyewe wiki mbili kabla ya kukituma. Waranti nyingi hazivuki mpaka, na kukirudisha huku kunaweza kugharimu kuliko kifaa chenyewe.