Jinsi ya Kutofautisha Kete wa Pete na Kete wa Pesa katika Pwani ya Tanga

Anayeokota kete katika fukwe za Tanga huangalia kwanza pete ya manjano iliyo mgongoni, na akiiona huamini kwamba amekwisha kumtambua konokono aliyelijenga gamba lile. Alama hiyo hiyo ndiyo inayopotosha. Pwani yetu ina konokono wawili wa baharini wanaofanana sana: kete wa pete, ambaye jina lake la kisayansi ni Monetaria annulus, na kete wa pesa, Monetaria moneta, ambao wote wawili walipewa majina hayo na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Kete wa pesa naye mara nyingine huwa na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa mgongoni, ilhali gamba la kete wa pete lililosuguliwa na mchanga kwa muda mrefu hupoteza pete yake na kubaki na rangi ya zambarau iliyofifia. Kwa hiyo anza na umbo, rangi ije baadaye.

Nenda wakati wa bamvua, yaani siku zilizo karibu na mwezi kuandama au mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Fika saa moja kabla, uyafuate yanavyorudi, na ugeuke mara yanapoanza kujaa. Upande wa Mwambani na Kigombe, kusini mwa mji, tafuta palipo na miamba, vidimbwi na majani ya baharini. Kete wa pete hukaa katika mianya, chini ya mawe na kati ya majani hayo, na aghalabu huishi kwa makundi, hivyo ukimpata mmoja chunguza hatua mbili tatu kuzunguka hapo kabla ya kuendelea. Kete wa pesa hupenda mazingira yayo hayo, na ndiyo sababu mahali ulipomkuta hapatoshi kukupa jibu. Wote hula mwani mdogo unaoota juu ya mawe. Mchanga mtupu usio na jiwe wala jani usikupotezee muda.

Ukimpata, mlaze kiganjani mgongo ukiwa juu, kisha pitisha kidole gumba ukingoni. Kete wa pete ana umbo la yai, na kidole huteleza bila kukwama. Kete wa pesa ni bapa zaidi, na kingo zake zimenenepa kwa vinundu, hasa sehemu ile iliyo pana, kiasi kwamba ukizungusha penseli kulifuata gamba juu ya karatasi unapata mchoro wenye pembe. Mimi huliamini jaribio hili la penseli kuliko yote, kwa kuwa hata gamba lililopauka halilishindi. Baada ya hapo ndipo utazame rangi: ndani ya pete, mgongo wa kete wa pete ni wa kijivu chenye ubuluu, na nje yake ni mweupe au wa maziwa, kete wa pesa ni wa manjano karibu mwili mzima, pengine yenye ukijani kidogo.

Jina la kete wa pesa lisikudanganye pia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walisafirisha shehena za kete wa pete kutoka Zanzibar na pwani hii hadi Afrika Magharibi, nako zikatumika kama fedha, ingawa zilikuwa nzito kuliko kete za Maldivi, yaani za kete wa pesa.

Mgeuze sasa. Ufa wa tumboni una meno pande zote mbili, na hauna kifuniko. Ukikuta mdomo mwembamba, ulio wazi na usio na meno, huyo bado ni mchanga: kete akikomaa mdomo hujikunja ndani, meno huota, na kuanzia hapo gamba haliongezeki urefu bali unene. Ndiyo maana ukubwa, ambao kwa kawaida ni sentimita 2 hadi 3, hausemi umri. Mng'ao nao unatokana na ngozi laini inayotoka ufani na kulifunika gamba pande zote. Gamba lililofifia ni la aliyekufa siku nyingi.

Vaa viatu vyenye soli ngumu, na usimshike konokono yeyote mwenye umbo la pia, kwa maana baadhi yao wana sumu inayoweza kuua mtu. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya hapa Tanga, yenye jina la samaki wa kale, iliyoanzishwa mwaka 2009, usichukue chochote bila kibali. Kila jiwe ulilolipindua lirudishe kama lilivyokuwa, kwani kete jike huyalalia mayai yake chini ya mawe hayo, na jua la saa 4 huyakausha upesi.