Somo: bakteria E. coli anavyojizuia asijenge utando, na anavyojiachia (protini ya CsrA)

Habari zenu wadau. Meseji za mada hii zimekuwa nyingi, na kweli vitabu vingi vinairuka juu juu, kwa hiyo leo twende taratibu. Chukua karatasi na peni, hii bila kuchora haikai kichwani.

Asubuhi kabla hujapiga mswaki pitisha ulimi kwenye meno. Ule ukoga unaoteleza ndio utando wa bakteria, yaani bayofilimu, na ule utelezi wa ndani ya dumu la maji lililokaa bila kusuguliwa ni jamaa yake. Bakteria wameng'ang'ania sehemu wakajizungushia gundi, na wakishafika humo dawa inawapata kwa shida sana, ndo maana wagonjwa wenye mipira ya mkojo wanateseka na maambukizi yanayorudi rudi.

Hatua ya 1, ijue gundi. E. coli anatumia sukari ndefu inaitwa PGA. Maelekezo ya kuitengeneza na kuitoa nje yako kwenye jeni nne zilizopangana, pgaA, pgaB, pgaC na pgaD, zinanakiliwa pamoja kwenye mRNA moja, yaani nakala ya RNA ambayo seli inaisoma ili itengeneze protini. Chora mstari mrefu, andika hizo nne.

Hatua ya 2, mlete CsrA. Hapa ndo utamu ulipo, msikimbie. Jeni yake ilitangazwa mwaka 1993 na Tony Romeo na wenzake, na walikuwa wanachunguza mambo ya glaikojeni (sukari ya akiba ya seli), sio utando kabisa. Ni kaprotini kadogo, amino asidi 61 tu, na zinatembea mbili mbili. Kazi yake ni kutafuta herufi GGA kwenye RNA na kuzikalia. Sasa angalia mwanzo wa ile mRNA yetu, kabla ya pgaA kuanza kusomwa kuna kipande kirefu kisichotafsiriwa, na humo CsrA ana sehemu sita za kukaa, na moja iko pale pale ribosomu, ile mashine ya seli inayosoma mRNA na kutengeneza protini, inapotakiwa kutua. Ni kama dereva anafika kwenye daladala anakuta kiti chake kimekaliwa, abiria wamejaa, mafuta yapo, gari haliondoki. Tena CsrA akikaa anaikunjua RNA, protini nyingine inaitwa Rho inapata pa kushika, inasimamisha unakiliji kabla haujafika mwisho. Kwa hiyo gundi inabanwa huku na huku.

Hatua ya 3, mtego. Kuna RNA mbili ambazo hazitengenezi protini yoyote, CsrB na CsrC, zina vitanzi vyenye GGA kibao. CsrB moja inaweza kubeba CsrA kama 18! CsrA wakinaswa huko, kiti cha ribosomu kinabaki wazi na gundi inaanza kutengenezwa. Naomba hili mlishike, CsrA hajaharibiwa, kashikiliwa tu.

Hatua ya 4, nani anaamuru. Kwenye ngozi ya seli yupo BarA, protini ya kunusa mazingira, akihisi asetati na mabaki mengine ya aina hiyo yameongezeka anampa protini mwenzake UvrY fosfati, UvrY anaenda kuwasha CsrB na CsrC. Glukosi ikiwepo kwa wingi protini ya CsrD inasaidia CsrB na CsrC zikatwe na kimeng'enya RNase E, CsrA wanaachiwa, gundi inabanwa tena.

Hatua ya 5, jionee mwenyewe. Otesha E. coli wa kawaida na asiye na CsrA kwenye sahani ya vishimo 96, usitikise, kesho yake mwaga, osha, weka rangi ya kristali vayoleti asilimia 0.1, osha tena. Wa kawaida anabaki na rangi hafifu, yule mwingine vishimo vinakuwa zambarau iliyokolea mpaka unashtuka.

MASWALI

Mdau: Mkuu kwa nini asizime jeni tu yaishe?
Jibu: Anaweza, ila nakala zilizokwisha andikwa zingeendelea kusomwa. CsrA anashika mpaka nakala zilizopo, na wakiachiwa au wakinaswa mambo yanabadilika chap.

Mdau: Mimi vishimo vyangu vyote vimekuwa zambarau hadi kile kisicho na bakteria, nimekosea wapi?
Jibu: Pole, hiyo ni kuosha ndugu yangu. Zamisha sahani nzima kwenye beseni la maji, kung'uta, rudia mara tatu nne, halafu iache ikauke kabisa ndo uyeyushe rangi kwa asidi ya asetiki asilimia 30 na usome kwenye mashine. Kishimo kisicho na bakteria kikiwa bado na rangi nzito usisome, anza upya.

Mdau: Kwa hiyo tukipata dawa ya kumzuia CsrA tumemaliza utando?
Jibu: Hapana dada, kinyume chake! CsrA ndiye breki, ukimtoa utando unaongezeka. Na sio E. coli peke yake, Pseudomonas aeruginosa anayesumbua kwenye vidonda vya moto na mapafu ana ndugu yake CsrA anaitwa RsmA, mitego yake ni RsmY na RsmZ, na RsmA akinaswa yule bakteria anaacha fujo za haraka anahamia kwenye utando, ugonjwa unakuwa wa kudumu. Ukitaka kupunguza utando fikiria upande wa mitego au wa BarA anayeiwasha.