Kuomba kufikiriwa upya baada ya kunyimwa kazi

Mwajiri habadili uamuzi kwa kukuonea huruma. Hubadili akioneshwa kitu ambacho hakikuwepo mezani alipoamua. Kitafute hicho kwanza.

1. Uliza sababu. Piga simu ofisini asubuhi, siku ya kazi: "Shikamoo. Nashukuru kwa kunijulisha. Naomba kujua ni kigezo gani sikukidhi." Usibishe; andika jibu kama lilivyotoka. Kigoma mjini si ajabu kukutana na meneja sokoni Mwanga. Msalimie, upite. Wala usimtume mjomba na kimemo, maana ataanza kutilia shaka hata vyeti vyako halali.

2. Ipime sababu. Cheti hakikuambatishwa, majina yanatofautiana kati ya cheti na kitambulisho cha NIDA, au walidhani hutakubali kuhamia Kibondo: hayo yanarekebishika. Wamempata mwenye uzoefu mkubwa zaidi? Nenda hatua ya 4.

3. Andika barua ndani ya siku mbili tatu, kabla aliyechaguliwa hajasaini mkataba. Ukurasa mmoja unatosha. Mfano, kwa ghala la asali Tabora:

YAH: KUOMBA KUFIKIRIWA UPYA, NAFASI YA MTUNZA STOO

"Nilifanya usaili tarehe 4. Nimeelezwa kuwa sikuonesha uzoefu wa kutunza leja. Naambatisha barua ya mwajiri wangu wa awali inayothibitisha kuwa nilitunza leja na kadi za bidhaa kwa miaka miwili. Naomba maombi yangu yaangaliwe tena. Nipo tayari kufanya jaribio la vitendo siku yoyote."

Hilo jaribio ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linampunguzia mwajiri hofu ya kukosea. Barua nyingi huharibika kwa kumponda aliyechaguliwa, kusimulia ada za watoto, au kupeleka nakala kwa Mkuu wa Wilaya.

4. Kama huna jipya, shukuru na uombe wakukumbuke. Aliyechaguliwa anaweza kughairi au kushindwa kipindi cha majaribio. Fuatilia mara moja baada ya miezi mitatu, basi.

Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, nguvu zako zielekeze kwenye tangazo lijalo. Rekebisha taarifa zako kwenye mfumo wa maombi: weka vyeti kamili, kwa kuwa hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na usaini barua ya maombi.

Ukiwa umekataliwa kwa ujauzito, ulemavu, dini au kabila, hapo huombi tena hisani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamlinda hata mwombaji kazi. Jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), mpe mwajiri nakala, kisha uiwasilishe ofisi ya Tume ya mkoa wako ndani ya siku 60, ukiambatisha ujumbe au barua yoyote inayoonesha sababu hiyo.