Mtoto wa tarantula akilala chali, usimtupe

Ukinunua mtoto wa tarantula (buibui mkubwa mwenye manyoya), tuseme yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, akiwa bado na sentimita 1 hivi, usimwekee nyumba kubwa. Kikopo chenye matundu madogo kinatosha. Weka vumbi la makumbi ya nazi la kutosha kuchimba shimo, ulowanishe upande mmoja tu. Chakula ni paja la chenene au kimende kilichokwisha kuuawa, mara moja au mbili kwa wiki; mabaki yatoe kesho yake yasiote ukungu.

Kazi iko kwenye kujivua gamba. Tumbo hung'aa, anagoma kula, pengine anaziba shimo kwa wiki kadhaa. Siku yenyewe hulala chali, miguu juu. Wangu wa kwanza nusura nimtupe! Usimguse, na usiache mdudu hai humo ndani, maana hata chenene anaweza kumtafuna akiwa bado laini. Akishajivua, subiri kama wiki moja meno yakauke na kuwa meusi ndipo umlishe. Aliyekufa kweli kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili.